Jina Jipya Saa Moja

Moto ulianza Maweni saa tisa kasorobo,
nyuma ya kinu cha kusagia mahindi,
ukapanda makuti kama mwenyeji anayejua njia.
Nikafika na kamera ya kuazima
na maikrofoni yenye nembo
ambayo Nairobi asubuhi ile walinambia niitupe.

Mpya haijafika, nikasema.
Imo kwenye kifurushi, kifurushi kimo kwenye basi,
basi, Mungu anajua.
"Basi ifunike."
Nikaivika soksi ya shule ya mwanangu,
ya kijivu, mistari miwili,
nikaingia hewani:
nyuma yangu nyumba saba zinateketea,
kidevuni pangu soksi.

Na kituo nisikitaje.
La zamani limezikwa adhuhuri,
jipya halizaliwi hadi saa moja ya usiku.
Nikasema, "Mimi ni Twaha Shekuwe, Malindi..."
nikanyamaza pale jina linapokaaga,
kama mtu aliyekanyaga kidato kisichokuwepo.

Mbodze alikuwa anatoka moshini.
Nikamuuliza lile swali tunalofundishwa:
unajisikiaje?
Akanitazama. Akaitazama soksi.
Akasema, "Nishikie cherehani."
Nikashika.
Kamera ikaangalia mchanga dakika nzima
na studio wakawaomba radhi watazamaji,
mawasiliano na Malindi yamekatika.

Saa kumi na nusu moto ulikuwa umekufa,
umeuawa kwa mchanga, kwa madumu, kwa matusi.
Gari la zimamoto lilikuja kutazama.
Tukaenda mkahawani kwa Abudi kunywa maji,
na huko, ukutani, Maweni ilikuwa bado inawaka.

Utepe mwekundu chini: HABARI MPASUKO.
Sijui kwao nini kilipasuka.
Kwetu ni mtungi wa maji,
na sauti ya muuza mkaa aliyeamsha mtaa.
Utepe ukasema nyumba kumi na nane.
Ukasema thelathini.
Ukasema Lamu,
halafu, kwa kujisahihisha, Malindi, Lamu.
Na pembeni juu, saa ya dhahabu
ikihesabu kurudi nyuma kuelekea sura mpya,
sekunde zake zikiruka kama mafuta kikaangoni.

"Ile nyumba yangu," alisema Mbodze,
kikombe mkononi, jivu hadi viwikoni.
"Tumeizima. Mbona wanaiwasha tena?"
Paa likaanguka. Picha ikarudi mwanzo.
Paa likasimama.
Paa likaanguka.
"Nne," akasema.
Watoto wakaanza kumsaidia kuhesabu,
tano, sita, wakicheka,
na mimi, mpigaji wa picha ile,
nikajifanya naangalia simu.
Ilipofika kumi na tisa akaacha.

Saa moja kamili moto ulikatwa katikati ya ulimi.
Ngoma. Moshi wa dhahabu. Herufi zikaruka kama kumbikumbi,
zikatua, zikawa jina.
Watangazaji walewale, suti mpya,
wakatuambia sasa wako karibu nasi zaidi.
Maweni ilikuja dakika ya arobaini,
sentensi moja,
na nyuma yake picha ya moto mwingine
wa mji mwingine, wenye mapaa ya vigae.
Hakuna aliyepiga kelele. Abudi akabadilisha, akaweka mpira.

Kifurushi kilifika siku ya tatu.
Nembo inang'aa, bado ina harufu ya gundi.
Nikampigia mhariri: nirudi, watu wanajenga,
kuna turubai, kuna mama ameanza kushona.
"Hiyo imeshapoa," akasema.
Nikaenda hivyohivyo, bila kamera.

Mbodze akaigeuzageuza maikrofoni.
"Umehama kazi?"
La, ni walewale.
"Aa."
Kisha akauliza ile soksi iko wapi.
Ilikuwa mfukoni, na tundu la cheche kisiginoni.
Akaiweka chini ya sindano,
akakanyaga.
Uzi hakuwa nao wa kijivu. Akatumia mwekundu.
Mwanangu anaivaa Jumatatu na Alhamisi
na ukimuuliza, atakwambia ilishonwa na nani,
kwa jina.